Mheshimiwa kakiponda kitabu, mwandishi kayaweka maneno yake kwenye bango: maswali yenu na majibu

Wa Iringa na Njombe kamwene, wa Rungwe na Kyela ndaga fijo kwa meseji zenu. Safari hii karibu zote zinazunguka jambo moja kwahiyo nazijibu pamoja. Kwa ambao hamjalisikia, kuna riwaya fupi imechapwa na kijana wa huku kwetu, inahusu katibu wa AMCOS (chama cha ushirika cha wakulima) ya kakao anayechota hela za wakulima, mheshimiwa mmoja akapanda jukwaani akasema hicho ni kitabu cha hovyo, kinachafua viongozi, wananchi msikisome, na wiki haijaisha maneno yaleyale yakawa kwenye bango la kukiuzia kitabu chenyewe. Kuna waliofurahi na kuna waliochukia kwelikweli. Majina nayaacha pembeni, mi najibu jambo.

Mwandishi mwenyewe, Kyela: Shikamoo kaka. Bango limenisaidia sana, nakala zimeisha. Sasa nachapa mara ya pili na nataka maneno ya mheshimiwa yakae kava ya mbele, tena makubwa kuliko jina la kitabu. Niko sahihi?

Marahaba mdogo wangu, na hongera kwa kumaliza nakala, huku kwetu hilo ni jambo kubwa.

Kuyatumia unaruhusiwa na mi nakuunga mkono kabisa. Aliyasema mwenyewe, kwenye spika, mbele ya umati, hakukunong'oneza sebuleni kwake. Kiongozi akiisema kazi yako hadharani na wewe una haki ya kuwaambia watu hadharani kwamba kaisema. Hata sheria yetu ya hakimiliki ya mwaka 1999 inaruhusu kunukuu kwa kiasi kinachofaa ilimradi utaje umetoa wapi, kwahiyo hapo usiwe na hofu.

Ila mbele hapana. Mbele ni pa jina la kitabu na jina lako. Miaka kumi ijayo mtu atakiokota kitabu chako kwenye meza ya mitumba, mheshimiwa hatamjua, ugomvi hataujua, ataona tu kava inayogombana na mtu. Weka nyuma. Ningekuwa mimi ningeipanga hivi: juu kabisa maneno yake yote kama alivyoyatamka, ndani ya alama za kunukuu, hamna neno limekatwa, chini yake kwa herufi ndogo cheo chake, mkutano ulikuwa wapi, tarehe ngapi. Acha nafasi kidogo. Alafu aya moja ya kitabu chako, ileile iliyomkera, ile ya katibu anapunguza kilo kwenye mzani huku bibi anamwangalia, na namba ya ukurasa. Basi. Usiandike "kitabu wanachokiogopa", usibandike picha yake, usimwongezee alama za mshangao ambazo hakuzitamka. Mtu amesimama pale Kabwe anasubiri daladala atasoma shutuma, atasoma aya, ataamua mwenyewe kati yenu wawili nani anasema kweli, na mteja aliyeamua mwenyewe ndo anaenda kumwambia jirani yake.

Na rekodi uwe nayo. Angekuwa kasema bungeni Dodoma kazi ingekuwa nyepesi, Hansard ipo, yani kumbukumbu rasmi ya yanayosemwa bungeni, unafungua siku hiyo unanakili. Kwa mkutano wa hadhara tafuta video nzima, sio kile kipande kinachozunguka wasapu, maana kipande hakikuonyeshi alisema nini kabla na nini baada. Inawezekana alisema "kina ukweli kidogo lakini ni cha hovyo", na kama alisema hivo basi hilo la ukweli kidogo nalo linaingia kwenye kava, hata kama linapunguza ladha.

Mwanafunzi wa chuo, Iringa: Hivi ni kweli kupondwa kunauza kitabu, au ni maneno ya vijiweni tu?

Kunauza, ila sio kwa kila mwandishi na sio kila nchi, na hapa nitakaa kidogo sababu watu wengi wanaijua nusu ya stori.

Nusu ya kwanza ndo hii tamu. Miaka ya 1920 mji wa Boston kule Marekani ulikuwa unafungia vitabu mpaka ikafika mahali wachapishaji wa miji mingine wanatamani wafungiwe Boston ili wakauze kwingine. Mwaka 1927 riwaya ya Upton Sinclair kuhusu watu wa visima vya mafuta ikakumbwa na hilo rungu, jamaa akachapa toleo maalum ambalo kurasa zilizolalamikiwa zimefunikwa na mchoro wa jani la mtini, akaingia mtaani Boston mwenyewe kuliuza huku amejivika bango la jani hilohilo. Ukienda Uingereza mwaka 1960, kampuni ya Penguin ikashtakiwa kwa kuchapa riwaya ya D. H. Lawrence, Lady Chatterley's Lover, na mwendesha mashtaka akasimama mbele ya lile jopo la wananchi 12 wanaoamua kesi akawauliza kama hiki ni kitabu ambacho wangependa wake zao au watumishi wao wakisome. Swali hilo lilimgeuka, wananchi waliona anawaongelea kama watoto. Penguin wakashinda, siku ya kwanza ya mauzo nakala 200,000 zikaondoka, na mwaka uliofuata wakatoa toleo lenye ukurasa wa kuwashukuru wale 12. Yani kesi yenyewe ikawa tangazo.

Kuna utafiti pia, wa Jonah Berger na wenzake wawili, ulitoka 2010, waliangalia vitabu vilivyohakikiwa na gazeti la New York Times wakalinganisha na mauzo. Mwandishi mwenye jina kubwa akipondwa mauzo yalishuka kama asilimia 15. Mwandishi asiyejulikana akipondwa yalipanda kama asilimia 45. Sababu yake ni rahisi tu, muda ukipita watu wanasahau kilisemwa kibaya gani ila jina la kitabu linabaki kichwani. Kwahiyo kijana wetu wa Kyela kafaidika sababu hakuna aliyekuwa anamjua, mheshimiwa kamtambulisha. Kitabu chake cha pili au cha tatu, akishakuwa na jina, maneno kama yale yanaweza kumkata mauzo badala ya kumpa, na hilo naomba alijue mapema asije akaishi kwa kutegemea ugomvi.

Sasa nusu ya pili. Kenya, mwaka 1986, marehemu Ngũgĩ wa Thiong'o akatoa riwaya ya Kigikuyu inaitwa Matigari. Mhusika wake mkuu, huyo Matigari, anazunguka nchi anauliza ukweli na haki vinapatikana wapi. Ngũgĩ mwenyewe ameandika kilichofuata: mwanzoni mwa 1987 wakuu wakaletewa taarifa kwamba wakulima wanamwongelea mtu anayeitwa Matigari anayepita vijijini akiuliza maswali, ikatoka amri akamatwe. Polisi walipogundua ni mtu wa kwenye kitabu, Februari 1987 wakapita kwenye maduka wakabeba nakala zote. Hapo hamna kiki, hamna asilimia 45. Mwandishi yuko uhamishoni na msomaji wa Murang'a hana kitabu. Watu wanaosema "afungiwe tu atauza" wanaongea hivo sababu wanafikiria nchi ambazo kesi inaisha na kitabu kinarudi mezani. Kupondwa kunauza pale tu kitabu kinapoachwa kiendelee kuuzwa.

Na kwetu Tanzania tunayo Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi, 1971. Ilizuiwa mashuleni kwa muda sababu ya mambo ya mapenzi na mimba yaliyoandikwa waziwazi, miaka ikaenda, ikaja kusomwa rasmi sekondari. Kilichoirudisha ni kwamba walimu na wasomaji waliisoma wakaona inasema kweli kuhusu mabinti zetu na baba zao, na ndo maana inasomwa mpaka leo wakati waliokuwa wanaipinga hatuwakumbuki hata kwa majina.

Muuza vitabu, Mwanjelwa: Mwandishi kaniletea nakala mali kauli na bango lake nilitundike. Jirani ananiambia nitafungiwa meza. Nifanyeje?

Tenganisha mambo matatu, watu wanayachanganya sana. Kiongozi kusema kitabu kibaya ni maoni yake, hata akiwa na ving'ora. Wizara kukizuia shuleni ni jambo lingine, mfano Februari 2023 Waziri wa Elimu, Profesa Adolf Mkenda, alitangaza vitabu 16 visitumike shuleni kwa hoja ya maadili ya watoto, vikiwemo vile vya mfululizo wa Diary of a Wimpy Kid. Na kupiga marufuku kabisa kisiuzwe nchini ni jambo la tatu, hilo linakuja kwa maandishi, lina ofisi na kifungu cha sheria. Hiki cha kwako kiko kwenye lile la kwanza tu. Akija mtu kukwambia ukitoe, muombe barua kwa upole, andika jina lake na ofisi yake, na mpigie mwandishi hapohapo.

Kuhusu bango, uamuzi ni wako sio wa mwandishi. Meza ndo inalipa ada ya watoto wako. Kuuza kitabu bila kutundika bango sio woga, kiweke kati ya vitabu vingine, anayekitafuta atakiulizia. Na mali kauli hiyo iandikwe, nakala ngapi umepokea, zikichukuliwa na mtu hasara ni ya nani. Mwandishi ambaye anapata sifa ya ushujaa kwenye simu wakati hasara inamkuta mama wa mezani Mwanjelwa hajatenda haki, na hili nalisema kwa uchungu sababu mara nyingi ndo linavyokuwa.

Mwenye steshenari, Mbeya mjini: Mteja wangu kitabu chake kilisemwa "kinasisimua tamaa mbaya kwa vijana". Anataka nimchapie flaya imeandikwa "Kinasisimua!" na jina la mheshimiwa chini. Nimchapie?

Usimchapie. Hayo sio maneno ya mheshimiwa tena, ni maneno ya mteja wako yamevalishwa jina la mtu. Na akiisambaza kwenye simu ajue Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 kifungu cha 16 kinahusu taarifa za uongo, faini haipungui milioni 5 au jela isiyopungua miaka 3. Mwambie achape sentensi yote, "kinasisimua tamaa mbaya kwa vijana", watu wazima watakaotaka kujua ni tamaa gani watanunua.

Msaidizi wa kiongozi, Njombe: Bosi wangu naye aliwahi kukisema vibaya kitabu, sasa maneno yake yanauzia. Kakasirika, anataka tuandike barua ya mwanasheria. Unatushauri nini?

Asante kwa kuuliza kabla ya kutuma, sababu barua ikishatoka hairudi.

Nianze na mfano wa karibuni. Januari 2018 mwanasheria wa Rais Donald Trump aliiandikia kampuni ya Henry Holt kuitaka isitoe kitabu cha Michael Wolff kuhusu maisha ya ndani ya ikulu ya Marekani. Kampuni ilikuwa imepanga kukitoa tarehe 9, ikakitoa tarehe 5. Usiku wa manane kwenye baridi watu wamepanga foleni dukani Washington. Rais wa Marekani, na mwanasheria, na vyombo vyote alivyonavyo, matokeo yake kitabu kikawahi siku nne.

Kwahiyo barua ya nini? Kama walichochapa ndo alichosema, hamna mtakachodai, maneno ni yake. Kama wamekata au wameongeza, hapo mna haki kamili, na hamuhitaji vitisho, toeni video nzima au ukurasa wa Hansard, wekeni wazi kwamba alisema hivi na wao wameandika hivi, mwombeni mwandishi arekebishe toleo lijalo. Mtu muungwana atarekebisha. Asiporekebisha wananchi watamwona.

Alafu kuna swali ambalo wewe kama mtu wa karibu ndo unaweza kumuuliza: alikisoma? Naomba usinichukulie vibaya. Nimesikia hotuba nyingi za kuponda vitabu na ninachokigundua ni kwamba karibu zote zinasema "nimeambiwa" au "nimesikia kuna kitabu". Kiongozi akiambiwa na wapambe kwamba kuna kitabu kinamchafua anapanda jukwaani na hasira za watu wengine. Akisoma mwenyewe anaweza kusema kitu chenye uzito, mfano, "ukurasa wa 41 kinasema mkulima halipwi mpaka mwenyekiti apewe chochote, wilaya yetu tuliondoa hilo kwa kuuza mnadani kwa stakabadhi ghalani, mwandishi njoo uone". Sentensi kama hiyo ikiwekwa kwenye kava na yeye kapata heshima. Wasomaji watasema huyu amesoma, huyu anajibu. "Msikisome" inamfanya aonekane hana jibu, hata kama analo.

Na mkumbushe tofauti ya mahali. Akiongea bungeni Ibara ya 100 ya Katiba inamlinda, hashtakiwi kwa alichosema humo. Mkutano wa hadhara sio bungeni. Akimwita mwandishi mwizi au mhaini pale Makambako stendi, kesi ya kashfa inaweza kumgeukia yeye.

Mama wa watoto watatu, Mafinga: Mnamsifia mwandishi tu. Mimi kitabu kingine kilichopondwa nimekisoma, kina mambo machafu kweli, na sasa mwanangu wa form two anakitaka sababu ya hilo bango. Hamuoni mheshimiwa alikuwa sahihi?

Dada, inawezekana kabisa alikuwa sahihi. Kupondwa na mwanasiasa hakukifanyi kitabu kuwa kizuri, hili naomba na vijana wanaonisoma walishike. Kuna vitabu viovu, na kiongozi naye ni mzazi, ana haki ya kusema anachokiona.

Ninachomlaumu mwandishi wa hicho unachokisema ni kimoja, kama kitabu ni cha watu wazima aandike kwenye kava ni cha watu wazima, tena herufi zilezile kubwa alizoandikia shutuma. Ukichukua maneno "kinaharibu watoto" ukayafanya tangazo bila kusema kina nini ndani, unajua fika nani atavutwa. Hiyo ni kuvua watoto kwa chambo na siikubali hata kidogo, haijalishi mwandishi ni rafiki yangu au la.

Kwa mwanao, umeshakisoma wewe, hiyo ni hatua ambayo wazazi wengi hawaifiki. Mwambie umekisoma, mwambie kina nini na kwanini unaona asubiri. Ukikificha tu juu ya kabati atakikuta pidiefu kwenye simu ya mwenzake, na atakisoma peke yake bila wewe wa kumuuliza. Akishakifikia umri kisomeni wote mbishane.

Kijana, Tunduma: Nina kitabu cha mashairi hakiuziki. Kuna diwani namfahamu, nikimtoa kidogo atakiponda kwenye mkutano. Unaonaje?

Hapana. Unanunua uongo alafu unauuza. Siku akikuomba nyongeza ukikosa atasema mlivyopatana, na mashairi yako yote yatasomwa kama mashairi ya mtu wa kununua maneno. Nitumie mashairi matatu, nayasoma.

Msomaji, Makambako: Nimetoa elfu 15 sababu ya maneno ya mheshimiwa (sio hiki cha AMCOS, kingine). Nimefika katikati hamna kitu, makosa ya chapa kila ukurasa, stori haieleweki. Naruhusiwa kudai hela yangu?

Kama kurasa zimeruka au zimechapwa vibaya kirudishe ulikonunua, hiyo ni bidhaa mbovu. Kama ni kibaya tu, hela hairudi kaka, pole sana.

Ila usinyamaze. Hili ndo linaloniuma mimi kuliko hotuba zote za waheshimiwa. Huku Nyanda za Juu mtu wa kipato cha kawaida kutoa elfu 15 kununua riwaya badala ya unga ni uamuzi mkubwa, na akidanganywa mara moja hamnunui tena mwandishi yeyote wa huku, hata yule aliyekaa mwaka mzima anahariri. Mwandishi ambaye kaweka shutuma kwenye kava kabla hajamlipa mhariri amewafungia mlango wenzake ambao hata hawajui. Kwahiyo muandikie, namba yake iko ukurasa wa ndani, mtajie kurasa zenye makosa na sehemu ulipopotea kwenye stori, na mwambie ulinunua kwa sababu ya yale maneno ya nyuma. Akikujibu kwa matusi nitumie. Akirekebisha toleo la pili nitumie pia, nitalisema hapa kwa jina la kitabu na bei yake.